"Chochote ukikiweka ukumbini kinakuwa sanaa": uongo ninaousikia kila wiki

Nimeulizwa tena. Mgeni kasimama mbele ya mtungi wa kuzimia moto pembeni mwa ukumbi, akawakonyeza wenzake: "Na huu nao ni sanaa?" Wakacheka. Mimi kazi yangu ni kutembeza watu kwenye maonyesho, na mzaha huo nimeuchoka. Nyuma yake kuna imani kwamba ukumbi ndio unaokifanya kitu kiwe sanaa: ukuta mweupe, taa ya kumulika, basi, hata ndoo inatosha.

Wenye imani hiyo hawakosi kumtaja msanii Mfaransa Marcel Duchamp na sinki lake la haja ndogo. Haya, tumtaje, ila kwa yaliyotokea. Mwaka 1917 chama kimoja cha wasanii New York kiliandaa maonyesho yasiyo na mchujo: lipa dola 6, kazi yako inapokelewa. Duchamp, naye akiwa mjumbe wa bodi ya chama hichohicho, akapeleka sinki la kauri la kiwandani, limelazwa chali, limetiwa sahihi "R. Mutt 1917", jina lake Chemchemi. Bodi ikakataa kulionyesha. Duchamp akajiuzulu. Mpiga picha Alfred Stieglitz akalipiga picha, kisha sinki lenyewe likapotea, halijaonekana hadi leo.

Sasa niambie, ni ukumbi gani ulioligeuza? Waliokwenda kwenye maonyesho yale hawakuliona. Kilichobaki ni picha, na swali lililowakaa kooni wanabodi: mlisema mnapokea kila kazi, hii mnaikataa kwa kigezo gani? Sinki la chooni haliulizi swali hilo. Aliyeuliza ni mtu aliyechagua kitu, akakilaza kisitumike, akakibatiza jina, akakipeleka kwa watu waleule waliojifunga kwa ahadi. Mtungi wetu haukuchaguliwa na mtu ili utazamwe. Umewekwa na kanuni za usalama, na siku ukianza kutazamwa bila kutumika tumekwisha sote.

Tena cha kuchekesha: masinki ya Chemchemi yaliyomo kwenye majumba ya makumbusho leo mengi ni nakala alizoziidhinisha Duchamp mwaka 1964, zikatengenezwa mahsusi zifanane na lile la pichani. Anayelalamika mbele yake kwamba "hakuna mkono wa fundi hapa" anakilalamikia kitu kilichotoka mikononi mwa mafundi.

"Mbona San Francisco mwaka 2016 vijana waliweka miwani sakafuni kwenye jumba la sanaa na watu wakaipiga picha wakidhani ni kazi ya sanaa?" Ndiyo, walidanganyika. Noti bandia nayo hupokelewa sokoni, na hakuna anayesema kwa hiyo fedha halisi hazipo.

Ushauri wangu, na huu sijadiliani: kibandiko, yaani karatasi ya maelezo iliyo kando ya kazi, kisomwe mwisho. Simama dakika mbili ujiulize kwa nini hiki na si kingine, kwa nini kimelazwa na si kusimamishwa. Wanaokimbilia kibandiko huishia kubishana na kibandiko.

Mengine kwa haraka. Eti msanii wa Marekani Andy Warhol alipanga tu maboksi ya sabuni ya dukani. Maboksi yake ya mwaka 1964, yenye jina la sabuni ya Brillo, ni ya mbao, yamechapwa rangi kwa skrini. Kayaangalie kwa karibu kabla ya kusema.

Eti sanaa lazima ifanane na kitu. Forodha ya Marekani iliamini hivyo, ikataka kuitoza kodi sanamu ya mchongaji Constantin Brancusi iitwayo Ndege Angani, isiyofanana na ndege, kama bidhaa ya chuma. Mwaka 1928 mahakama ikampa Brancusi ushindi.

Eti kuna mtu alinunua ndizi kwa dola 120,000. Kazi ile ya msanii Maurizio Cattelan ya mwaka 2019, ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe, huuzwa kama cheti chenye maelekezo ya kuibandika. Ndizi ikioza, inawekwa nyingine. Mwaka 2024 moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6.2, na siku chache baadaye mnunuzi akaila ndizi mbele ya waandishi wa habari. Cheti hakukila.