Je, wajua kwa nini baiskeli vilimani Uingereza hufuata njia za farasi?

Kusini mwa Uingereza kuna njia ya kale iitwayo Ridgeway. Inaanzia Overton Hill, karibu na mduara wa kale wa mawe wa Avebury, na kuambaa juu ya vilima kwa kilomita 139 hadi Ivinghoe Beacon. Mwenye baiskeli ya changarawe, ile yenye usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mashindano lakini matairi mapana, anaruhusiwa kuiendesha tangu mwanzo hadi kijiji cha Streatley, kando ya mto Thames. Akishavuka daraja mambo hubadilika. Sehemu kubwa ya kipande cha mashariki ni ya waendao kwa miguu tu. Vilima ni vilevile vya mwamba wa chaki, na jina la njia ni lilelile. Kwa nini basi upande mmoja aruhusiwe na wa pili akatazwe?

Sababu ni farasi. Kwa karne nyingi sheria za Uingereza zimezigawa njia za mashambani kulingana na nani alizoea kuzipita. Kuna njia za miguu, na kuna njia za farasi ambazo mpanda farasi na mtembea kwa miguu wote wana haki nazo. Haki hizo hazifutiki kwa sababu shamba limeuzwa au mwenyewe amefariki. Baiskeli ilipokuja haikuwa na pake katika mgawanyo huo, mpaka mwaka 1968 Bunge lilipopitisha sheria iliyoiruhusu kutumia njia za farasi, kwa sharti kwamba mwenye baiskeli awapishe watembea kwa miguu na wapanda farasi. Njia za miguu hazikuguswa. Ukiendesha baiskeli kwenye njia ya miguu inayokatiza shamba la mtu, kwa kawaida hiyo si jinai, ila umeingia kwenye mali yake bila ruhusa, naye ana haki ya kukuambia utoke.

Sheria hiyohiyo ilikuwa na kifungu kingine ambacho wageni wengi hawakijui: kuruhusu baiskeli hakumlazimu mtu yeyote kuitengeneza njia ili ipitike vizuri kwa baiskeli. Ndiyo maana unaweza kuwa na haki kamili ya kupita mahali ambapo kwato zimevuruga udongo wote wakati wa masika, na jua likishaukausha, kila alama ya kwato inabaki shimo gumu linalokutikisa mpaka meno. Huna wa kumlalamikia.

Ukiwa njiani, tofauti inaonekana kwenye vibao. Mshale wa manjano ni njia ya miguu, wa bluu ni ya farasi. Zambarau ni kwa wote isipokuwa vyombo vya moto, na nyekundu ni kwa kila mtu, hata gari. Kuna dalili nyingine ninayoipenda zaidi kuliko rangi, nayo ni geti. Njia ya miguu ikifika kwenye uzio mara nyingi utakuta vipandio vya mbao vya kuvukia, na baiskeli itabidi uibebe begani. Kwenye njia ya farasi utakuta geti, mara nyingi lenye komeo la mkono mrefu uliosimama kuelekea juu, ili aliye juu ya tandiko alivute bila kushuka. Mwendesha baiskeli naye anafaidi: anaegemea geti, anavuta, anapita.

Nani aliamua njia ipi ni ya nani? Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za kaunti zichore ramani rasmi za njia zote, nazo zikategemea sana taarifa za halmashauri za vijiji. Kijiji kimoja kiliandika "njia ya farasi", jirani yake akaandika "njia ya miguu", kumbe wote wanazungumzia njia ileile. Matokeo yake mpaka leo zipo njia zinazobadilika hadhi katikati ya malisho, penye mpaka wa vijiji viwili, pasipo na sababu yoyote ardhini. Mpanga safari asiyesoma ramani kwa makini atajikuta amefika mahali ambapo haki yake imeisha ghafla.

Mgawanyo huo wa haki unaonekana pia kwenye South Downs Way, njia nyingine ya vilima vya chaki, kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne. Baiskeli inaweza kwenda tangu mwanzo hadi mwisho, lakini njia ikifika kijiji cha Alfriston inagawanyika. Watembea kwa miguu hushuka kwenda kwenye majabali meupe ya Seven Sisters juu ya bahari. Baiskeli na farasi hupelekwa bara, kupitia Jevington. Picha maarufu zote ni za upande wa watembea kwa miguu!

Bado kuna swali la kwa nini njia hizi ziko juu vilimani badala ya bondeni. Hapo ni kazi ya chaki, mwamba uliotokana na mabaki ya viumbe wadogo mno waliotuama chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Chaki hunyonya maji, kwa hiyo migongo ya vilima hukauka upesi, wakati mabonde ya udongo mfinyanzi yalikuwa matope na misitu. Watu wa kale na mifugo yao walipita juu.

Wenye baiskeli wamerithi ukavu huo pamoja na kero zake. Chaki ikilowa juu huteleza kama sabuni na kujisokota kati ya tairi na uma unaoshika gurudumu. Ndani yake mna mawe ya gumegume, yanayopasuka na kuacha makali yanayochana ubavu wa tairi, ndiyo maana wengi hutumia matairi yasiyo na tyubu, yenye dawa ya kuziba pancha ndani. Na usidanganywe na urefu wa vilima. Butser Hill, kilele cha mita 270 karibu na South Downs Way, hakitamtisha mtu wa Lushoto. Tatizo ni mito: Arun, Adur, Ouse na Cuckmere imeukata mgongo wa chaki, na kwenye kila mto unashuka hadi karibu na usawa wa bahari, kisha unaanza kupanda upya. Jumla ya mipando yote ya South Downs Way hufika takriban mita 4,000.

Shirika la waendesha baiskeli la Cycling UK lilipozindua mzunguko wa King Alfred's Way mwaka 2020, kilomita 350 kutoka Winchester na kurudi Winchester, lilipita Stonehenge, mduara mwingine wa mawe ya kale, na Avebury, likashika Ridgeway ya magharibi hadi mto Thames, halafu likaelekea Reading. Kipande cha mashariki kikaachwa. Scotland hali ni tofauti kabisa: sheria ya mwaka 2003 inakuruhusu kupita kwa baiskeli karibu popote, mradi uwe mstaarabu.

Ukikutana na farasi kwenye mshale wa bluu, punguza mwendo mapema na useme neno, hata "habari za asubuhi". Farasi akisikia sauti ya mtu anatambua kuna binadamu. Kengele ya ghafla nyuma yake inaweza kumshtua. Subiri mpandaji akuashirie, ndipo upite polepole ukimwachia nafasi.