Kabla ya kuing'arisha stovu ya pampu, igeuze uone kitako

Jumapili ndiyo siku kuu ya soko la Kibuye hapa Kisumu, na upande wa vyuma chakavu mara nyingi nakuta stovu ya pampu imelala kati ya vipuri vya baiskeli, shaba imekuwa nyeusi na miguu mitatu imepinda. Anayeipenda hukimbilia limau na majivu aisugue ing'ae. Mimi huigeuza kwanza nitazame kitako.

Aliyekulia kwenye gesi anaweza kudhani ni ndugu ya stovu ya utambi. Hii haina utambi hata kidogo. Frans Wilhelm Lindqvist aliibuni Stockholm mwaka 1892, na werevu wake bado unanishangaza. Unawasha spiriti kidogo kwenye kisahani kilicho chini ya kichwa, pale moto unapotokea. Kichwa kikishapata moto, unapampu. Hewa iliyobanwa tangini inasukuma mafuta ya taa juu, yanapita kwenye mirija ya moto na kugeuka mvuke, kisha mvuke unachomoka kwenye kitundu cha takriban milimita 0.3, unachanganyika na hewa na kuwaka bluu huku ukinguruma. Ikiwaka vizuri, sufuria haipati masizi. Mvumbuzi wa Norway, Amundsen, alienda nayo hadi Ncha ya Kusini mwaka 1911.

Ndiyo maana naanza na tangi. Limebeba mafuta na hewa iliyobanwa, na juu yake pana moto. Pampu mbovu itakuudhi tu, lakini tangi bovu litakuchoma.

Tangi ni la shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Bati lake lilikandamizwa kiwandani likiwa baridi, na mvutano ukabaki ndani yake. Shaba ya namna hiyo ikikutana na amonia na unyevu, hupasuka yenyewe bila kuguswa. Jeshi la Uingereza huko India liliyaona haya katika karne ya 19: maganda ya risasi yaliyowekwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika yalipasuka, na chanzo kilikuwa amonia ya mikojo ya farasi. Huku kwetu farasi ni wachache, lakini vibanda vya kuku ni vingi. Stovu ilipotolewa jikoni ikaipisha ile ya utambi na baadaye gesi, mara nyingi ilihamishiwa huko, ikakaa miaka juu ya mbolea ya kuku. Ile harufu inayochoma pua ndiyo amonia yenyewe.

Kwa hiyo naondoa kichwa, naziba mahali pake, napampu, kisha nazamisha tangi kwenye beseni la maji. Mapovu yakitoka kwenye kiungo kilicholehemiwa, panatengenezeka, ila tangi lioshwe vizuri na kujazwa maji kabla ya moto kulikaribia, maana mvuke wa mafuta uliobaki ndani hulipuka. Mapovu yakitoka kwenye ufa mwembamba kama unywele ubavuni au kitakoni, silehemu. Mvutano ungali humo, na kesho litapasuka pengine.

Tangi likipona, kazi iliyobaki ni ya kuburudisha roho. Stovu nyingi zinazoitwa mbovu zimekauka ngozi ya pampu tu. Ilaze ngozi hiyo kwenye mafuta ya kulainishia usiku kucha, au omba kipande kwa fundi viatu ukate mpya. Mpini ukipanda wenyewe baada ya kupampu, kile kimpira cha vali chini ya pampu kimekwisha. Usikate cha tyubu ya baiskeli, kitavimba kwa mafuta ya taa. Tafuta mpira unaostahimili mafuta kwa wauza vipuri vya magari.

Kung'arisha ni mwisho kabisa. Limau linafaa, lakini usiliache muda mrefu: asidi hula zinki na shaba inageuka ya waridi. Dawa za dukani soma lebo, nyingine zina amonia.

Mama mmoja wa Maseno aliniletea stovu yake, imefungwa kwenye leso. Tangi lilikuwa na nyufa tatu. Nilipomuuliza ilikuwa inakaa wapi, akasema, "Kwa kuku, mwanangu. Ningeiweka wapi tena?" Sikuwa na namna ya kuliokoa, na nilimweleza hivyo. Nilichukua kichwa na miguu ya ile stovu, nikavifunga kwenye tangi zima nililokuwa nimenunua Kibuye. Alipokuja tena niliwasha spiriti mbele yake, nikangoja ikaribie kwisha, nikapampu. Iliponguruma alikaa kimya akiisikiliza, kisha akaniuliza sufuria iko wapi.