Simulesheni katika mafunzo ya udaktari: maana yake, na namna ya kujua kama imefaa

Simulesheni ni mafunzo ambamo mwanafunzi anafanya kazi ya hospitali kwa mikono yake mwenyewe, katika hali iliyoandaliwa ifanane na ya kweli, bila mgonjwa yeyote kuhatarishwa. Kinachoigwa ni tukio, si mwili peke yake. Mwanasesere wa bei ghali aliyelazwa mezani, wanafunzi arobaini wakimzunguka na mwalimu akieleza, hiyo bado ni lekcha. Lakini mwenzao mmoja akiigiza mama anayeuliza mbona mtoto halii, saa ikienda, na wawili wakilazimika kuamua la kufanya sasa hivi, hapo simulesheni imeanza, hata kama mwanasesere ni wa plastiki aliyejazwa maji ya vuguvugu ili awe na uzito wa mtoto.

Wazo lenyewe si geni. Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya watoto kutoka Norway, alitoa mwanasesere wa kufundishia uokoaji mwaka 1960. Mwaka 1963 daktari Howard Barrows alianza huko Los Angeles kufunza watu kuigiza wagonjwa. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake walichapisha OSCE, mtihani ambamo mwanafunzi hupita kituo kwa kituo, ambao kila mwanafunzi wa udaktari Nairobi anaujua kwa kengele yake. Tofauti ya OSCE na simulesheni ya kufundishia inafaa ishikwe mapema. Ya kwanza inapima, ya pili inafunza. Mwanafunzi akihisi anapewa maksi, ataficha asichokijua, na kile alichokificha ndicho kilichomleta mwalimu pale.

Tuchukue kazi moja inayofahamika katika kila chumba cha kuzalishia, kuanzia hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, hadi vituo vidogo vya mitaani: mtoto amezaliwa na hapumui. Programu ya Helping Babies Breathe, iliyozinduliwa mwaka 2010, inasisitiza dakika ya dhahabu, yaani ile ya kwanza baada ya kuzaliwa. Mtoto akaushwe na kutiwa joto, njia ya hewa isafishwe iwapo imeziba, asuguliwe mgongo. Akiwa bado hapumui, aanze kupumulishwa kwa ambu (mfuko unaobanwa kwa mkono kusukuma hewa) na barakoa kabla ya sekunde 60 kwisha, takriban pumzi 40 kwa dakika, kifua kikipanda kila mara.

Kuunda kipindi huanzia wodini, si darasani. Ukitazama kazi inavyofanyika utajua pengo liko wapi: ni ujuzi wa mkono, ni kuchelewa kuamua, au ni ambu iliyofungiwa kabatini na sista aliye na ufunguo ameenda chai? Simulesheni inaweza kutibu mawili ya kwanza. La tatu linahitaji mtu wa kuondoa kufuli, na ni kosa kulipia mafunzo mahali penye shida ya kufuli.

Baada ya hapo andika lengo linaloonekana kwa macho. “Mwanafunzi aelewe huduma ya mtoto mchanga” haliwezi kupimwa na mtu yeyote. “Mbele ya mtoto asiyepumua, mwanafunzi aite msaada kwa sauti na atoe pumzi ya kwanza inayoinua kifua kabla ya sekunde 60” linapimika kwa saa ya simu. Malengo mawili au matatu yanatosha kwa kisa kimoja. Ukiongeza la nne na la tano, mkufunzi mwenyewe atasahau alikuwa anatazama nini.

Sasa piga hesabu ya nafasi. Darasa la wanafunzi 60, wanasesere wawili, saa tatu: una dakika 360 za mwanasesere, yaani 6 kwa kila mwanafunzi. Ukitoa maelezo ya mwanzo na mazungumzo ya baadaye, mtu hubaki na dakika moja au mbili za kushika kitu. Mpango mwingi unaosifiwa kwenye karatasi hufia katika hesabu hii. Gawanya darasa katika makundi 10 ya watu sita. Wawili wanahudumia, mmoja ni mama, mmoja anashika saa, mmoja anajaza orodha ya kukagulia, mmoja anasikiliza wanavyozungumza. Kila kundi lipewe dakika 40: 5 za kuwaonyesha vifaa na kukubaliana kwamba makosa ya humu hayatoki nje, 8 za kisa, 20 za tafakuri, na 7 za kurudia kisa kilekile kwa jozi nyingine. Kwa vituo viwili zitakuwa zamu tano, dakika 200, yaani 20 zaidi ya zile saa tatu. Wanafunzi wawili katika kila kundi watakuwa hawajashika ambu, kwa hiyo wao ndio waanze wiki inayofuata.

Dakika 20 za tafakuri kwa 8 za kisa huwashangaza wengi, na muda ukikosekana ndizo hukatwa kwanza. Zisikatwe. Kisa humwonyesha mwanafunzi alichofanya, tafakuri humwonyesha kwa nini alifanya hivyo. Waache kwanza wapumue na waseme walivyojisikia, kisha wasimulie kilichotokea, ndipo muingie kwenye sababu, na mwisho kila mmoja ataje atakachobadilisha akirudi wodini. Swali la mkufunzi lina uzito mkubwa hapa. “Mbona hukupumulisha?” ni kesi, na mwanafunzi atajitetea. Jaribu hivi: “Niliona ulifyonza mdomo mara tatu kabla ya kushika ambu, nikahofia muda. Ulikuwa unawaza nini?” Akijibu kwamba alifundishwa kufyonza kila mtoto, umegundua kuwa kosa halikuwa la mkono wake. Lilikuwa la somo lililotangulia, na hilo ndilo la kurekebisha.

Mambo yanayoharibu kipindi hujirudia. Barakoa inavujisha hewa au kichwa kimekunjwa mno, kifua hakipandi, na mkufunzi kwa huruma anasema “chukulia kimepanda”. Usichukulie. Mwache mwanafunzi aweke kichwa sawa, abadilishe mshiko, ajaribu tena, kwa sababu mtoto halisi hatamchukulia. Kosa jingine ni mwanasesere anayefufuka kila mara baada ya nusu dakika: wanafunzi hujifunza kuhesabu nusu dakika badala ya kumtazama mtoto. Badilisha kila duru. Kuna anayelia baada ya kukaushwa tu, na kuna anayehitaji dakika tatu za ambu. Vifaa pia viwe vilevile vya wodini. Ambu mpya ya maabara ya ujuzi haimwandai mtu kwa ile yenye vali iliyolegea, na kukagua vali ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Tathmini hupangwa kabla ya somo la kwanza. Ukiisubiri mwisho, kitakachobaki mkononi ni fomu za kuuliza kama watu walifurahi. Ngazi nne za Donald Kirkpatrick, alizoanza kuchapisha Marekani mwaka 1959, bado ndizo rahisi kutumia: walionaje, walijifunza nini, wanafanya nini kazini, na wagonjwa wamepata nini.

Ya kwanza isikuchukulie muda. Kuridhika kwa wanafunzi kunakwambia kama watarudi, na hakukwambii chochote kuhusu mikono yao.

Ya pili hudanganya kwa njia ya ustaarabu. Ukiwapima kabla na baada, maksi zitapanda hata kama somo lilikuwa baya, maana mtihani wa kwanza nao umewafunza. Njia nafuu ya kuepuka hilo: gawa darasa nusu kwa kura, nusu moja ipate simulesheni wiki ya kwanza, nyingine wiki ya nne, na wote wapimwe wiki ya tatu. Hakuna anayenyimwa, na una kundi la kulinganisha. Kisha wapime tena baada ya miezi mitatu au sita, kwa kuwa ujuzi wa mkono hupotea haraka kuliko maelezo yake.

Anayepima asijue nani alishapata somo. Wawe wawili, wakitazama video zilezile. Na asilimia ya kukubaliana isikutulize. Tuseme wametazama video 20 kwa kipengele cha “alivaa glavu”. Kwa video 18 wote wawili wamesema ndiyo, na kila mmoja amesema hapana kwa video moja ambayo mwenzake alisema ndiyo. Wamekubaliana kwa asilimia 90. Lakini kwa kuwa karibu wote walivaa, kubahatisha tu kungewapa asilimia 90.5, na kipimo cha kappa, kinachoondoa bahati, kinashuka chini kidogo ya sifuri. Kipengele kama hicho hakitenganishi anayejua na asiyejua. Weka badala yake “sekunde hadi pumzi ya kwanza iliyoinua kifua”.

Ngazi ya tatu ndiyo wengi hukwepa, na ndiyo yenye ukweli. Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, ilitoa funzo lisilosahaulika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kozi ya siku moja ya Helping Babies Breathe iliinua uwezo wa wahudumu mbele ya mwanasesere, hata miezi saba baadaye, lakini huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Hawakuiacha programu. Waliweka mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini, na utafiti wa 2015 uliripoti vifo vya ndani ya saa 24 kushuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Huo ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada, kwa hiyo mambo mengine yangeweza kuchangia. Hata hivyo, kwa hospitali ya Nairobi yenye zamu zilizojaa na wahudumu wasioweza kutoka siku nzima, mwanasesere aliyewekwa kando ya meza ya kuhudumia mtoto na dakika tano wakati wa kupokezana zamu ni mpango bora kuliko ukumbi wa hoteli.

Ngazi ya nne ina mtego mmoja. Mtoto ambaye hapo zamani angeandikwa kuwa amezaliwa mfu sasa anapumulishwa, anaishi saa chache, kisha anafariki. Kwenye rejista, vifo vya watoto wachanga vimeongezeka. Hesabu kwa pamoja waliozaliwa wafu lakini waliokufa muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa, na waliofariki siku ya kwanza, la sivyo somo zuri litaonekana limeua.

Ukikusudia kuchapisha, unahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya, kabla ya kukusanya chochote. Itifaki iseme pia jambo moja ambalo mara nyingi huachwa: mwangalizi aliyetumwa kushika saa chumbani akiona mtoto hapumui na hakuna anayemshughulikia, aweke saa chini akasaidie. Sekunde aliyoingilia iandikwe, na muda wa mtoto huyo uhesabiwe hadi hapo.