Pozolana: vumbi linaloipa chokaa nguvu

Pozolana ni unga ambao ukitiwa maji peke yake haushikani, lakini ukichanganywa na chokaa na maji hukakamaa. Silika na alumina zilizomo huungana na chokaa na kufanya kitu kigumu kinachostahimili maji. Warumi walitumia majivu ya volkeno, na pasipo volkeno walisaga matofali na vigae.

Lubumbashi hatuna volkeno, ila matofali tunayo tele, mengi yametokana na udongo wa vichuguu. Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu. Nyumba za zamani za hapa mjini zina kuta za tofali laini, na fundi akiitwa kuzikarabati hukimbilia simenti. Mimi naona hilo ni kosa. Simenti ni ngumu kuliko tofali lenyewe na hairuhusu unyevu kupita. Maji ya masika yaliyoingia ukutani hukosa pa kutokea ila kupitia kwenye tofali, na baada ya miaka michache uso wa tofali hubanduka huku simenti ikibaki imesimama.

Chokaa hupumua, lakini ina udhaifu wake. Ile inayochomwa kutokana na mawe kama ya Kakontwe, kule Likasi, hukomaa kwa kunyonya hewa ya kaboni, kuanzia juu kuingia ndani, na kazi hiyo huchukua miezi. Mvua ikiiwahi, huoshwa. Vumbi la tofali huifanya ianze kushika mapema, hata penye unyevu.

Si kila tofali linafaa. Lililochomwa kwa moto wa wastani, chini ya nyuzi 950 hivi, ndilo zuri. Lililoungua hadi kung'aa kama kioo halifanyi kazi hiyo. Lisage liwe laini kama unga. Kwa sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga, anza na nusu sehemu ya vumbi. Ukizidisha, ukuta utakuwa mgumu mno, na utakuwa umerudi kule kule kwenye simenti.

Jaribio ni rahisi: kanda chokaa na vumbi bila mchanga, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, ukae wiki kadhaa. Chokaa tupu itabaki laini. Mchanganyiko wako ukikakamaa, vumbi lako ni pozolana.

Majivu ya makala, yaani mkaa, yasikudanganye, kwani yana chumvi nyingi zinazotoka ukutani kama unga mweupe. Manyoya ya mbuzi ni jambo jingine: huzuia nyufa kwenye plasta, hayaongezi ugumu.

Na kiangazi, kuanzia Mei, hewa yetu ni kavu kupita kiasi. Pozolana bila maji haifanyi kazi, kwa hiyo lowesha matofali kwanza, kisha funika kazi kwa magunia mabichi siku kadhaa.