Kompyuta ya nyumbani usiku: uizime au uiache iwake?

Hili swali naulizwa dukani karibu kila wiki, na mara nyingi anayeuliza ashabishana na mtu nyumbani kabla ya kuja, baba anasema zima unamaliza tokeni, kijana anasema ukizima washa zima washa ndo unaiua mashine, basi wanakuja, "fundi hebu tuamulie." Mimi jibu langu kwa nyumba ya hapa Mombasa ni hili: ukimaliza kazi ya siku izime, alafu uzime na swichi ya ukutani. Mchana ukitoka kidogo kwenda kuswali ama kula, ilaze tu, ile Sleep. Na angalau mara moja kwa wiki iristati. Mtu wa Nairobi ama wa Ulaya anaweza kukupa jibu tofauti na akawa sawa kwake, lakini sisi tuna stima yetu, tuna joto letu na tuna bahari, na hivo vitatu ndo vinaamua.

Kwanza huyo kijana nimtetee kidogo manake hilo neno lake halikutoka hewani, zamani lilikuwa kweli kabisa. ENIAC, ile kompyuta kubwa ya Marekani ya 1946, ilikuwa na valvu za kioo zaidi ya 17,000, na wahandisi wake waliona nyingi zinakufa pale zinapopata moto na pale zinapopoa, kwa hivo wakawa hawaizimi ovyo. Hata miaka ya 80, hadidiski nyingi, zile diski za sahani zinazozunguka, ilikuwa lazima mwenyewe uandike amri ya kuegesha vichwa vya kusomea kabla hujazima, ukisahau vichwa vinatua juu ya sahani penye data yako. Waliozoea mashine zile wakafundisha waliokuja nyuma na mazoea yakabaki, mashine ndo zikabadilika. Hadidiski ya siku hizi hata stima ikikatika ghafla inaegesha vichwa yenyewe, na nyingi watengenezaji wanaziandikia uwezo wa kuegesha mara 300,000. Piga hesabu mara 10 kwa siku, hiyo ni miaka zaidi ya 80. SSD, ile diski ya chipu tupu, ndo kabisa, haina kinachozunguka ndani. Kwa hivo kuwasha na kuzima mara mbili tatu kwa siku hakuui kitu.

Sasa zinazokufa zinakufa na nini? Zinazoletwa kwangu mezani, kubwa ni stima.

Sote tunakumbuka 2023, Agosti 25, alafu Novemba 11, alafu Desemba 10, nchi nzima giza. Lakini hizo kubwa hazinisumbui sana kama hizi ndogo za mtaani, wakati wa masika hasa, stima inapepesa, inaenda inarudi inaenda inarudi ndani ya dakika moja. Kukatika kwenyewe hakuna shida sana ukilinganisha na kurudi. Ikirudi, friji za mtaa mzima, AC, pampu za maji, vyote vinaanza kuvuta kwa pamoja, volti inashuka alafu inaruka juu, na kompyuta iliyokuwa inawaka iko hapo hapo kwenye laini inapokea yote. Na watu wengi hawajui hili: ukiizima kompyuta ya mezani lakini swichi ya ukutani bado iko on, paua saplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani, haijalala, inaendelea kupeleka volti 5 kwa mazabodi, ile bodi kuu, ili ile batani ya kuwashia ifanye kazi. Kile kitaa kidogo cha kijani ama cha machungwa unachokiona ndani ya keisi usiku ndo hicho. Maana yake umeme ukiruka saa nane za usiku, njia ya kuingia ndani iko wazi. Ndo manake nasisitiza swichi ya ukuta, na soketi zetu nyingi zina swichi, hauhitaji kununua kitu.

Ukitaka kujua imekufaje, paua saplai yenyewe inaeleza. Nikiitoa skrubu nne na kufungua kifuniko, kinachonifika kwanza ni harufu, harufu fulani ya samaki iliyochanganyika na plastiki ya kuungua, hiyo ni kapasita imevuja. Kapasita ni vile vimikebe vidogo vilivyosimama, kichwa chake kinafaa kiwe bapa, ikiwa imechoka kinafura juu na pembeni unaona majimaji ya kahawia yaliyokauka. Hiyo ni ya joto na miaka. Lakini ya kupigwa na stima ni tofauti, hapo kapasita zinaweza kuwa nzima kabisa na fyuzi ya kioo imekuwa nyeusi tititi, na karibu yake kile kidude cha duara mfano wa sarafu, varista, kimepasuka katikati na kutoa masizi. Varista kazi yake ni kufa kabla ya wenzake, ikifa peke yake umebahatika. Shida ni paua saplai nyingi za bei rahisi zinazouzwa huku ukifungua unakuta mahali pa varista pamechorwa kwenye bodi lakini kidude chenyewe hakijawekwa, wameruka gharama. Hapo pigo linaendelea mpaka kwa mazabodi na hadidiski, na mteja anauliza picha za harusi zitapatikana ama vipi, na hilo swali kwa kweli linaniuma kila nikilisikia.

Joto nalo. Kapasita zina kanuni mafundi wote wanaijua, kila digrii 10 joto likipanda umri wake unapungua karibu nusu. Chumba cha paa la mabati Kisauni ama Likoni mwezi wa pili, kaskazi imetulia, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, na kompyuta inanguruma ndani usiku kucha bila mtu anayeitumia, hapo unakula umri wa kapasita na feni bure. Hizo saa za kuwaka bure kila siku zinaumiza kuliko kule kuwasha na kuzima.

Chumvi ndo inataka uangalifu kidogo manake ina pande mbili. Kuna watu wananiambia fundi mimi siizimi kwa sababu ikiwa moto unyevu hauingii. Wana hoja, sitawapinga. Mashine iliyozimwa miezi mingi mwenyewe amesafiri, hapa kwetu ikirudi kuwashwa mara nyingi inagoma, unaitoa RAM, ile kadi ya kumbukumbu ya muda, unakuta meno yake yamepata ukungu, na milango ya USB imeshika unga mweupe na kijani kijani. Unasafisha na raba ya penseli na spiriti inaamka. Lakini hiyo ni miezi. Mashine inayotumiwa saa tatu nne kila siku inapata joto la kutosha kujikausha, haihitaji kukesha. Na ile inayokesha, feni yake usiku mzima inavuta hewa ya bahari na vumbi, na vumbi la pwani si kavu kama la bara, linanata, linajenga gamba juu ya hitisinki, kile chuma cha kupoza, mpaka hewa haipiti tena. Wakaaji wa karibu na maji, Mji wa Kale, Likoni, zile nyumba za Nyali zinazotazama bahari, ipulizeni mashine kila baada ya miezi mitatu minne. Na ukisafiri mwambie ndugu ama jirani aje awashe saa moja kwa wiki, inatosha.

Pesa sasa. Desktopu ya kawaida ikikaa tu bila kazi, skrini imezimika, tuseme inakula wati 70. Ukiitumia saa 5 na saa 19 zilizobaki ukaiacha, hizo 19 kwa mwezi ni karibu unit 40. Weka shilingi 28 kwa unit pamoja na kodi, wewe weka ya risiti yako ya tokeni, ni kama 1,120 kila mwezi kwa kompyuta ambayo hakuna anayeigusa. Ikiwa umeilaza inakula wati 2 hivi, mwezi mzima ni unit moja na kidogo, shilingi 30 na kitu. Leptopu ni ndogo zaidi, wati 10 hivi ikikaa, kwa hivo huko hoja ya pesa haina nguvu sana. Na skrini seva haiokoi chochote, ile ilikuwa ya kulinda vioo vya zamani visichorwe, skrini inabaki inawaka vile vile, weka izimike kabisa baada ya dakika 5.

Kitu kingine ambacho kinawachanganya watu wengi, ukibonyeza "Shut down" kwenye Windows, tangu Windows 8 ya 2012, mara nyingi haizimi kikamilifu. Inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na kesho inaendelea na mfumo ule ule wa jana na uchovu wake. Fungua Task Manager, uende Performance, ubonyeze CPU, utazame pale pameandikwa Up time, unaweza kukuta siku 20 na wewe unazima kila usiku. "Restart" ndo inaanza upya kweli kweli. Kwa hivo mtu akiniambia mashine nzito, printa haionekani, sauti imepotea, swali langu la kwanza ni uliristati ama ulizima ukawasha, na yeye anaona ni kitu kimoja, kumbe sivyo. Ukitaka kuzima kukamilike shikilia Shift ndo ubonyeze Shut down.

Na kuristati ndo kunaingiza apdeti. Microsoft hutoa apdeti kubwa za usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa zetu ni saa mbili ama saa tatu za usiku. Jumatano jioni ristati uziache ziingie. Mei 2017 ile WannaCry ilipofunga mashine dunia nzima na kudai fidia, dawa yake ilikuwa imetoka tangu Machi, miezi miwili kabla. Mashine nyingi zilizoumia ni zile ambazo hazikuwa zimewekewa tu.

Kuilaza kuna hatari moja hapa kwetu, kazi yako inabaki kwenye RAM na stima ikikatika imeenda. Ndo nawapendelea haibaneti (Hibernate) watu wa desktopu ambao hawataki kufunga vitu vyao vyote, hiyo inaandika kila kitu kwenye diski alafu inazima kabisa, unaweza hata kuzima ukutani, ukiwasha unakuta ulipoachia. Windows imeificha, ingia Control Panel, Power Options, pale pa kuchagua kazi ya batani ya kuwashia, uiweke tiki.

Leptopu ina betri yake kwa hivo stima haiiogopeshi, lakini kuiacha kwenye chaja usiku na mchana juu ya godoro ndo kunafurisha betri, betri ya lithiamu haipendi kukaa 100 huku ina joto. Ukiona tachipadi imeinuka ama haibonyezeki, acha kuichaji, usiiguse guse, ilete kwa fundi. Leptopu nyingi zina seti ya kuchaji iishie 80, itafute.

Wako ambao lazima waache iwake, mtu ana kazi anayoifikia kutoka mbali, ana rekoda ya kamera, anashusha faili kubwa usiku intaneti ikiwa na nafasi. Hao nawaambia nunua UPS, lile boksi la betri la kushikilia stima ikikatika, na usiishie kununua, chomeka ule waya wake wa USB kwa kompyuta. Bila huo waya UPS inakupa dakika 10 ama 15, wewe umelala, betri inaisha na mashine inazimika ghafla vile vile. Ukiwa na waya, UPS inaiambia kompyuta stima imeenda, nayo inajifunga kwa utaratibu. Betri ya UPS kwa joto letu haifiki miaka waliyoandika, ipime ikimaliza mwaka na nusu, chomoa ukutani mchana uone inashikilia dakika ngapi.

Hii ya kuzima ukutani ina gharama moja ndogo. Ndani ya mazabodi kuna betri ya duara, CR2032, inashikilia saa na tarehe stima ikiwa haipo, na ukizima ukutani kila usiku yenyewe ndo inafanya kazi, kwa hivo itaisha mapema kidogo. Utajua imeisha ukiwasha na tarehe imerudi miaka ya nyuma, alafu kila tovuti inakuambia si salama. Watu wanadhani ni virusi wanafomati mashine nzima. Betri hiyo inauzwa mpaka kwa mafundi wa saa, zima, chomoa waya, isukume kile kishikio cha pembeni na kucha, itaruka yenyewe, weka mpya ile sura yenye maandishi ikitazama juu, alafu urekebishe saa.