Mpangaji Anayemtisha Mwenye Nyumba: dhana potofu kuhusu viwanja na timu zinazohama Marekani

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa vitu viwili: anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na anayolipa raia kwa serikali. Ukitaka kuielewa biashara ya viwanja vya mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai, zishike kodi zote mbili kwa pamoja. Mara nyingi raia analipa hiyo ya pili ili mpangaji asilipe ile ya kwanza. Nyumba kajenga raia, mpangaji ni bilionea, na anayekosa usingizi kwa kuogopa notisi ni mwenye nyumba.

Nimeshabishana sana juu ya hili, hasa kila timu inapofungasha virago, na hoja huwa ni zile zile.

"Marekani kila kitu ni cha mtu binafsi, hadi viwanja"

Uwanja mpya wa timu ya Buffalo Bills umetengewa dola milioni 850 za umma: milioni 600 kutoka jimbo la New York na milioni 250 kutoka kaunti ya Erie. Wa Tennessee Titans pale Nashville umepewa zaidi ya bilioni 1.2. Viwanja vilivyojengwa kwa fedha za wamiliki vipo, kama MetLife wa mwaka 2010 unaotumiwa na Giants na Jets, lakini ni vya kuhesabu.

Njia ya kawaida ni hati fungani, yaani karatasi za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji. Wakenya wanaijua, maana uwanja wa Talanta pale Nairobi umetafutiwa fedha kwa hati fungani iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa mwaka 2025. Marekani mji au kaunti hukopa namna hiyo, na kwa aina fulani ya hati hizo mkopeshaji hatozwi kodi ya serikali kuu kwenye riba anayopata. Kwa hiyo anakubali riba ndogo, na pengo linafidiwa na hazina ya taifa zima. Mvuvi wa Alaska anachangia uwanja wa Ohio bila kujua.

Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilijaribu kuuziba mwanya huo. Sheria ikasema kwamba kama mji unataka kubaki na msamaha huo kwenye uwanja unaotumiwa na timu binafsi, basi mapato ya uwanja yasilipe zaidi ya asilimia 10 ya deni. Waliotunga waliamini hakuna mji utakaokuwa na wazimu wa kujenga uwanja kisha ukalipa asilimia 90 kutoka mfukoni mwake. Miji ikafanya hivyo hivyo, na kwa furaha. Sheria ya kuzuia ruzuku ikageuka sababu ya kutoidai timu kodi ya pango ya maana.

"Uwanja ukiwa wa serikali, timu imefungwa hapo"

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, nami nitakaa kidogo.

St. Louis, Missouri, ilikuwa imepoteza timu yake mwaka 1988 ilipohamia Arizona. Ikaapa kupata nyingine. Ikajenga ukumbi mkubwa wenye paa kwa fedha za umma: nusu jimbo, robo jiji, robo kaunti. Kila mwaka deni na matunzo vilikula dola milioni 24. Jimbo milioni 12, jiji sita, kaunti sita. Mwaka 1995 Rams wakaja kutoka Los Angeles, wakasaini mkataba wa upangaji wa miaka 30.

Sasa usome mkataba. Kulikuwa na kipengele kilichosema kwamba kila baada ya miaka kumi, yaani 2005 na 2015, uwanja ule lazima uwe kwenye robo bora ya viwanja vyote vya ligi. Ukishindwa, mkataba unageuka wa mwaka kwa mwaka, na mpangaji yuko huru kuondoka. Fikiria umempangisha mtu chumba Sinza au Umoja, kisha umemwandikia kwa saini yako kwamba kila miaka kumi chumba kitakuwa miongoni mwa vizuri vya mji mzima, na gharama ni zako. Majirani wanajenga ghorofa kila siku, wewe unafukuzana nao kwa rangi na vigae.

Mwaka 2012 upande wa jiji ulipendekeza ukarabati wa dola milioni 124. Rams wakataka wa takriban milioni 700. Mwaka 2013 wasuluhishi wakawapa Rams ushindi, kwa sababu kipengele kilisema kilichosema. Jiji likakataa kutoa fedha hizo na mlango ukawa wazi. Tarehe 12 Januari 2016 wamiliki wa ligi wakapiga kura 30 kwa 2 kuwaruhusu Rams warudi Los Angeles. Deni la ukumbi lilikuwa bado halijaisha. Mpangaji amehama, mwenye nyumba anaendelea kulipa fundi.

St. Louis si peke yake kwa kusaini kwa pupa. Kaunti ya Hamilton, yenye mji wa Cincinnati, ilipitisha kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola mwaka 1996 ili kuijengea Bengals uwanja, na mkataba wake uliorodhesha teknolojia ambazo kaunti ingepaswa kuzinunua siku zikipatikana. Mojawapo ni mtambo wa kuonyesha marudio ya mchezo kwa picha za hologramu. Yaani kaunti ilijifunga kununua kitu ambacho kilikuwa bado hakijavumbuliwa.

Uwanja kuwa mali ya umma hakuifungi timu. Kinachofunga ni mkataba, na mikataba hii huandikwa siku ambayo mji una kiu ya timu na mwenye timu hana kiu ya chochote.

"Mji ukikataa kulipa, timu itahama. Ukikubali, itabaki"

Nusu ya kwanza ina mifano yake. San Diego walipiga kura Novemba 2016, wakakataa kupandisha kodi ya hoteli kwa ajili ya Chargers, na Januari 2017 timu ikatangaza inakwenda Los Angeles.

Lakini itazame Cleveland. Novemba 1995, mwenye Browns, Art Modell, alitangaza anaipeleka timu Baltimore. Siku iliyofuata wananchi wakapiga kura kuendeleza kodi ya pombe na sigara ili uwanja upate fedha. Walisema ndiyo, naye akaondoka. St. Louis nayo, mwishoni mwa 2015, ilikuwa imeweka mezani mpango wa uwanja mpya kando ya mto Mississippi ukiwa na mamia ya mamilioni ya umma. Haikusaidia.

Upande wa pili yupo Robert Kraft, mwenye New England Patriots ya jimbo la Massachusetts. Jimbo la jirani la Connecticut lilimwahidi uwanja wa fedha za umma mjini Hartford. Massachusetts ilikataa kumjengea, ikakubali kugharimia miundombinu tu, takriban dola milioni 70. Mwaka 1999 akaachana na Hartford, akajenga mwenyewe pale Foxborough. Hartford ilibaki na michoro.

Siri ni uhaba. NFL, yaani ligi kuu ya mpira huu, ina timu 32, na wanaoamua idadi hiyo ni wamiliki wenyewe. Miji inayotaka timu ikizidi timu zilizopo, kila mmiliki ana pa kutishia kwenda. Kati ya 1995 na 2015 Los Angeles, mji wa pili kwa ukubwa nchini humo, haikuwa na timu hata moja, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa fimbo ya wamiliki wa kwingine: nipeni uwanja, la sivyo naenda California.

Baltimore ilikwisha kuchapwa na fimbo kama hiyo. Mwaka 1984 seneti ya Maryland ilikuwa inapitisha sheria ya kuuruhusu mji uitwae timu yake ya Colts kwa nguvu, kama serikali inavyotwaa shamba la mtu ipitishe barabara. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi, theluji ikianguka, malori ya kampuni ya Mayflower yalipakia kofia, jezi na makabati, yakaelekea Indianapolis. Watu waliamka timu haipo. Miaka kumi na miwili baadaye Baltimore hiyo hiyo ikaichukua timu ya Cleveland bila haya. Cleveland angalau ilibakiziwa jina, rangi na rekodi zake, na Browns mpya wakaanza kucheza mwaka 1999. (Mashabiki wa Ihefu waliolala Mbarali wakaamka ni Singida Black Stars mwaka 2024 wataelewa uzito wa hilo.)

"Uwanja utaleta ajira na kukuza uchumi"

Hapa wachumi, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata saa ngapi, wamekubaliana kwa miongo kadhaa: mchango wa uwanja kwa kipato cha mji ni mdogo mno kulingana na ruzuku. Timu ya NFL hucheza nyumbani mechi nane au tisa za msimu, ukiongeza na za majaribio haifiki dazeni. Familia iliyotumia dola 400 uwanjani Jumapili ingezitumia sinema, mgahawani au kwa fundi wa gari. Fedha zimehama mtaa tu, na sehemu kubwa inaishia kwa wachezaji na mmiliki, ambao huenda hata hawaishi hapo.

"Kodi ya hoteli hulipwa na wageni, wenyeji hawaumii"

Las Vegas iliwapata Raiders kwa dola milioni 750 za kodi ya vyumba. Kwenye mtaa wa makasino ni asilimia 0.88. Ukilala chumba cha dola 100, senti 88 zinakwenda kwenye uwanja wao, Allegiant Stadium, hata kama umekuja kwenye mkutano wa madaktari wa meno. Nakiri kwamba kwa mji wenye wageni wengi vile, hesabu si mbaya kama ya St. Louis. Ila 2020, uwanja ulipofunguliwa, korona ilifunga hoteli, na kaunti ikabidi ichote kwenye akiba kulipa hati fungani. Halafu fedha ya wageni nayo ni fedha: ingeweza kwenda shuleni. Oakland, walikotoka Raiders, iliachwa ikilipia ukarabati iliowafanyia walipoirudia mwaka 1995.

"St. Louis ililia bure"

Hapana. Mwaka 2017 jiji, kaunti na mamlaka ya ukumbi walifungua kesi wakidai ligi ilivunja kanuni zake yenyewe za kuhamisha timu, zinazoitaka timu ijadiliane na mji kwa nia njema kabla ya kuondoka. Novemba 2021, kesi ikikaribia kusikilizwa, NFL na Kroenke, mwenye Rams, walikubali kulipa dola milioni 790. Mawakili walichukua zaidi ya theluthi.

Siku chache kabla ya kesi hiyo kufunguliwa, Aprili 2017, wapigakura wa St. Louis waliombwa dola milioni 60 kwa ajili ya uwanja mwingine, safari hii wa soka, ule mpira tunaoujua sisi. Wakakataa. Wengi waliandika kwamba mji umejifungia mlango. Baadaye familia moja tajiri ya hapo hapo ilijitokeza na fedha zake, ingawa nao walipata nafuu za kodi, na mwaka 2023 St. Louis City walianza kucheza ligi kuu kwenye uwanja mpya katikati ya mji.