Oksijeni kwenye maji, tope kivyake

Hoja ile ile imekuja tena, safari hii ndani ya ripoti yenye jedwali na ramani: ziwa lina kina cha mita mbili, upepo unalikoroga, oksijeni haikosi, kwa hiyo fosforasi, kirutubisho kinacholisha mwani, imefungwa kwenye tope. Oksijeni hiyo mliipima wapi, na saa ngapi? Kipimo kilichoning'inia nusu mita juu ya tope saa sita mchana kimepima maji. Tope hakijaligusa.

Kwenye tope lililoshiba majitaka, oksijeni hupenya milimita chache tu, pengine hata moja haifiki. Chini ya hapo bakteria wanamaliza nitrati, wanahamia kwenye chuma, kisha salfeti. Chuma kilichooksidishwa hushika fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni. Kikipoteza oksijeni huyeyuka na kuiachia. Vyote viwili vikipanda hadi kwenye oksijeni, chuma huganda upya na kuinasa fosfeti njiani. Mtafiti wa maziwa Mortimer aliyaeleza hayo mwaka 1941 na 1942, na hakukosea. Tatizo ni wanaodhani mambo yanaishia hapo.

Kwanza, chuma chenyewe kiwepo. Uwiano wa chuma kwa fosforasi ukishuka chini ya takriban 15 kwa uzito, usitegemee kizuizi hicho. Salfaidi, inayozaliwa bakteria wakitumia salfeti, nayo hukikamata chuma na kukigeuza tope jeusi lisiloshika fosfeti. Halafu pH, kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, ambayo hakuna anayeiuliza! Mwani ukivuta kaboni dioksaidi mchana kutwa, pH hupita 9, haidroksaidi hukalia nafasi za fosfeti juu ya chuma, na fosfeti hutoka oksijeni ikiwa tele. Upepo ukilitimua tope saa hizo, mambo huwa mabaya zaidi. Mashine ya kupuliza hewa haikusaidii hapo. Na usiku mmoja mtulivu wenye joto unatosha kumaliza oksijeni chini. Asubuhi upepo unachanganya maji na ushahidi umepotea.

Naitrojeni ina mlango wa kutokea: amonia huwa nitrati, nitrati huwa gesi, inakwenda zake. Fosforasi haina mlango huo. Ndiyo maana ukipunguza majitaka, naitrojeni hushuka ndani ya miaka michache, fosforasi mara nyingi huchukua 10 hadi 15. Ziwa Søbygaard, Denmark, lilipunguziwa mzigo wa majitaka mwaka 1982, na tope likaendelea kutema fosforasi miaka mingi baadaye.

Ni kiasi gani cha fosforasi hutoka kwenye chuma, na kiasi gani kwenye mwani mfu unaooza juu ya tope? Vimumunyisho tunavyotumia hatua kwa hatua kuitoa fosforasi kwenye sampuli ya tope havitenganishi vizuri makundi hayo. Asilimia zile nadhifu mzisome kwa tahadhari.

Mkitaka kupima, kateni nguzo ya tope, sampuli iliyochotwa wima kwa bomba, vipande vya sentimita moja ndani ya gesi ya naitrojeni, na mchuje maji yake kwa kichujio cha mikromita 0.45 humo humo. Mkifungulia mezani, chuma hupata kutu, huburuta fosfeti, na kichujio huzuia vyote. Hapo ndipo linapozaliwa lile tope "salama". Nguzo za kupima fosforasi inayotoka kwenye tope zikae gizani, kwenye joto la ziwa, seti moja ikiwa na pH ya mchana.